Wati Hazilishi Matumbawe

Yeyote anayewashauri wafugaji wa matumbawe nyumbani wanunue taa yenye wati nyingi kuliko zote anawapotosha. Wati hupima umeme unaoliwa na taa, si mwanga unaolifikia tumbawe majini.

Kinachostahili kupimwa ni PAR, yaani mwanga ambao mwani wa hadubini unaoishi ndani ya tumbawe huutumia kutengeneza chakula. Matumbawe laini kwa kawaida hutosheka na mikromoli 50 hadi 150 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Acropora, ambayo ni matumbawe magumu, hupenda 200 hadi 350. Rangi nayo ina uzito: buluu ya nanomita 420 hadi 480 hupenya maji vizuri na kuushibisha mwani huo.

Eti mwanga ukizidi haudhuru? Unadhuru sana. Tumbawe lililozoea kivuli likimulikwa ghafla kwa nguvu zote huutema mwani wake, likabaki jeupe, na huenda likafa. Taa mpya ianzie nusu ya nguvu, ipandishwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na iwake saa 8 hadi 10 kwa siku.

Mwenye fedha za ziada akodi kwanza kipima PAR. Huenda akagundua kwamba taa aliyonayo inatosha.