Maji ya Kambini



Mama mmoja, ambaye mwanawe ni askari, alitujia baada ya darsa akatuuliza: ukiacha risasi, ni kitu gani kingine cha kumwogopea mwanangu?

Tungeweza kumjibu kwa moshi. Katika vita vya Iraq na Afghanistan, jeshi la Marekani lilikuwa likichoma taka zake katika mashimo ya wazi: plastiki, rangi, betri na taka za hospitali kwa pamoja, na aghalabu zikiwashwa kwa mafuta ya ndege. Wengi walirudi kwao wakiwa wazima kwa macho, kisha wakaanza kukosa pumzi. Lakini mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya vitani, na aendaye vitani ameshajitolea. Kwa hivyo tulimjibu kwa habari ya kambi iliyokuwa mbali na vita, ambamo askari aliishi na mkewe na wanawe.

Kambi hiyo ni Camp Lejeune, ya Kikosi cha Marine, katika jimbo la North Carolina huko Marekani. Tangu 1953 hadi 1987, maji ya baadhi ya mitaa yake yalikuwa na sumu. Nje ya kambi palikuwa na dobi wa kusafisha nguo kwa dawa. Mabaki ya dawa yake yalizama ardhini hadi yakafika visimani. Ndani ya kambi, matangi ya mafuta yaliyofukiwa chini yalivuja, na dawa za kuondolea grisi kwenye mitambo zikamwagwa ovyo. Maji ya visima hivyo yakapita kwenye mabomba hadi majumbani. Wake wa askari waliyapikia, wakaogeshea watoto, wakakorogea maziwa ya unga. Yakisiwa kwamba waliofikiwa na maji hayo huenda ni watu milioni moja.

Sisi tuliosoma chuoni twakumbuka mlango wa tohara: maji hukaguliwa kwa rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni cha udhu, na kwa udhu kinatosha. Wale kina mama nao waliyaona maji yao ni safi.

Jerry Ensminger alikuwa askari wa kikosi hicho, kazi yake kuwafunza kuruta. Mkewe alichukua mimba ya binti yao Janey walipokuwa wakiishi kambini. Mtoto alipofika miaka 6 aligunduliwa ana saratani ya damu, na mwaka 1985 akafariki, naye ana miaka 9. Baba alichunguza ukoo wake na ukoo wa mkewe asione mwenye maradhi hayo. Jawabu alilipata 1997, tena kwa televisheni, katika taarifa ya habari ya jioni.

Hapa ndipo panapotuuma. Vipimo vilikwisha kuonyesha sumu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na visima vilivyoharibika zaidi vikafungwa kuanzia mwishoni mwa 1984. Janey alikuwa hai bado. Kumwagika kwa dawa twaweza kukuita uzembe. Kunyamaza kwa miaka yote ile hatujapata jina la kistaha la kukuita.

Mwaka 2012 Rais Obama alitia saini sheria iliyobeba jina la mtoto huyo, baada ya baba yake kupiga milango ya wakubwa kwa miaka mingi. Sheria hiyo yataja maradhi 15 ambayo askari na jamaa zao watatibiwa. Kina mama, tutazameni yaliyomo: saratani ya matiti, utasa na kuharibika kwa mimba vimo, pamoja na saratani za figo, kibofu na damu. Huku kwetu mwanamke mwenye kuharibu mimba mara kwa mara huzungumzwa vibarazani. Huyu husema ana jini, yule husema ana nuksi. Ni wangapi katika wale wa Lejeune waliojilaumu kwa miaka, na ilhali sababu yaweza kuwa ilitoka bombani?

Basi mama yule akauliza la maana zaidi: waliwezaje kuthibitisha? Tukamweleza kwamba anayetaka matibabu hayo hutakiwa aonyeshe kuwa aliishi pale siku zisizopungua 30, na mke au mtoto aonyeshe uhusiano wake na askari. Huhitajika cheti cha ndoa au cha kuzaliwa, karatasi za nyumba waliyokaa, na rekodi za tabibu. Hata sheria ya 2022, iliyowafungulia mlango wa mahakama, iliwapa miaka 2 tu, na muda huo ukaisha Agosti 2024. Mwenye kupoteza karatasi alianza kuzitafuta huku siku zikihesabiwa.

Tukamwambia aandike mwanawe alipopelekwa, tarehe zake, na kila anapolalamika kifua au ngozi. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua simu yake akatuonyesha picha alizotumiwa na mwanawe. Ni nyingi, na katika moja moshi mweusi waonekana nyuma ya mahema. Hajui ilipigwa wapi.