Hiyo Divai Haijaharibika, Ni Nyinyi Hamna Subira

Najua nitachomwa kwa hii, lakini wacha niseme tu. Nyinyi wasee mnaofungua chupa ya Syrah ya Hermitage ikiwa na miaka mitatu, mnapiga funda moja, mnakunja sura mbele ya kamera halafu mnatangaza ati "hii ni siki ya mabwenyenye," mnatupotosha. Hamjaonja hiyo divai. Mmeonja mtoto wake.

Na kama hujafika miaka 18, hii ni ya kusoma, si ya kununua. Tuelewane hapo mapema.

Tuanze na shamba, kwa sababu hapo ndipo watu hurukia. Kusini mwa mji wa Lyon, Ufaransa, mto Rhône unapita kati ya miteremko mikali. Kuna Côte-Rôtie, jina ambalo maana yake ni mteremko uliochomwa na jua. Shuka na mto utafika kilima cha Hermitage, juu ya mji wa Tain, halafu ng'ambo ya mto, kusini zaidi, kuna Cornas. Mahali pote patatu zabibu nyekundu ni moja tu: Syrah. Na si mashamba makubwa. Mizabibu ya Hermitage yote ni kama hekta 140. Msitu wa Karura peke yake una karibu hekta 1,000. Kwa hivyo dunia nzima inagawana kilima ambacho ungekizunguka kwa miguu asubuhi moja.

Sasa, kwani ni lazima kulima huko juu? Si wangeshuka tambarare? Hapana, na sababu iko. Huko ni kaskazini, baridi inaingia, na mteremko unaoangalia kusini unapokea jua kama paneli ya sola iliyoinamishwa vizuri. Mawe yanashika joto la mchana. Maji ya mvua yanateremka, hayatuami. Udongo ni mwembamba, chini ni mwamba, kwa hivyo mizizi inajipenyeza kwenye nyufa kutafuta maji. Mzabibu unaoteseka hivyo hauzai mingi, lakini kile kidogo unachozaa kina nguvu.

Gharama yake ni mgongo wa mtu. Trekta haiingii sehemu nyingi za huko. Udongo unashikiliwa na kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono, na ukuta ukibomoka unaujenga tena kwa mkono. Mzabibu mmoja mmoja umefungwa kwenye kigingi chake. Kuna mahali jembe linavutwa kwa winchi na waya, pengine kwa farasi. Zabibu zinachumwa kwa mkono. Mkulima yeyote wa Machakos anayechimba matuta ili mvua isimbebee shamba ataelewa hii stori bila kutafsiriwa.

Basi kwa nini inakausha mdomo? Ni tanini, rafiki yangu. Ile ile inayokushika ulimi ukinywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, ama ukitafuna pera bichi. Inatoka kwenye ganda na mbegu. Divai ikiwa changa, tanini ni kama mbogi ya vijana wanaoanza kazi wiki moja, kila mtu anapiga kelele. Miaka ikisonga zinaungana, zinalainika, nyingine zinashuka chini kama mashapo. Rangi inatoka zambarau inaelekea tofali. Harufu ya pilipili manga na matunda meusi inatulia, na nyuma yake zinakuja ngozi, moshi, nyama iliyokaangwa, udongo wa msituni baada ya mvua. Hakuna mtu aliyeongeza chochote ndani ya chupa. Muda ndio uliofanya kazi.

Na muda wenyewe si mchezo. La Landonne, divai ya Côte-Rôtie ya familia ya Guigal, hukaa kwenye mapipa ya mwaloni zaidi ya miaka 3 kabla hata ya kutiwa chupani. Hermitage La Chapelle ya 1961, ya nyumba ya Jaboulet, ilifunguliwa na watu zaidi ya miaka 40 baadaye na wakaisifu kama ya maana. Hizo zabibu zilichumwa Kenya ikiwa bado koloni! Halafu wewe unatoa hukumu kwa video ya sekunde 30.

Nasikia wengine mkisema, "Bei ni ujinga tu, hiyo ni jina." Kuna ukweli kidogo hapo. Wapo matajiri wanaonunua hizi chupa kama hisa na hawatawahi kuzifungua, na mimi naona hiyo ni dhambi kubwa kuliko kuzifungua mapema. Lakini sikiza upande wa pili. Baada ya mdudu wa filoksera kula mizabibu karne ya 19, na vita vya 1914 hadi 1918 kumaliza vijana, miteremko mingi ya huko ilibaki vichaka. Hata miaka ya baadaye, divai ilikuwa bei ya chini kiasi kwamba kulima matunda chini bondeni ama kushika mshahara kiwandani kulikuwa na maana zaidi kuliko kupanda mlima kila siku. Kilichorudisha watu juu ni bei nzuri. Bei ikiwa ya kutupa, ukuta hauna wa kuujenga.

Na wale wa upande mwingine, mnaosema kila divai ikikaa inakuwa bora, nyinyi pia mnyamaze kidogo. Divai nyingi duniani zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache. Ukiweka ile ya karatasi kabatini miaka 10, utapata siki ya kweli. Inayostahili kungoja ni ile yenye tanini, uchachu na uzito wa kutosha kubeba miaka.

Kwa hivyo sema huipendi, hiyo ni haki yako. Penda tamu, hakuna atakayekushika shati. Lakini kuita kazi ya watu takataka kwa sababu umeivunja kabla haijaiva, huo si ukosoaji. Hakuna anayekata embe bichi halafu akalaumu mwembe. Ngoja iive. Ukishindwa kungoja, mimina kwenye jagi masaa kadhaa kabla, weka nyama choma mezani, na uonje tena kabla ya kuwasha kamera.