Vitenzi virai vya Kiingereza (phrasal verbs) vifundishwe ndani ya sentensi

Kuna jambo ambalo orodha za vitenzi hivi vitabuni hulipita haraka: mahali pa kuweka kiwakilishi. Mwingereza husema "turn off the light" au "turn the light off", zote sawa. Lakini taa ikishakuwa "it", njia ni moja tu: "turn it off". "Look after" haigawanyiki hivyo; ni "look after her", basi. Mwanafunzi aliyekariri maana peke yake atalijuaje hilo? Anahitaji sentensi nzima, tena nyingi.

Halafu tusiwaambie watoto kwamba vitenzi hivi ni lugha ya mitaani. "Postpone" ipo, lakini nyumbani na kazini watu husema "put off" kila siku, na anayejua hicho cha kwanza tu atasoma gazeti vizuri kisha apotee kwenye mazungumzo.

Sisi wenyewe katika Kiswahili tuna "piga pasi", "piga mswaki", "piga picha". Hakuna mtoto wetu aliyefafanuliwa kwanza maana ya "piga". Alisikia maneno yote pamoja, shati likiwa mezani. Walimu wa Kiingereza, nawasihi, anzieni hapo.