Tumbo la boti ni kazi ya koperative nzima, siyo ya kapiteni peke yake



Kila tunapokutana kwa mkutano tunaongea bei ya mbegu, bei ya magunia, na kodi za kwenye porti. Kuna kitu kimoja hatukiongelei, na kila safari kinakula faranga zetu: ule utelezi wa kijani unaoota chini ya boti. Mimi naona kuusafisha katikati ya msimu siyo shauri la kapiteni. Ni shauri la kila mtu mwenye gunia ndani ya ile boti.

Kwa sisi tunaokaa kandokando ya ziwa Tanganyika, toka Uvira kushuka Baraka, Ubwari, Kalemie mpaka Moba, boti njo barabara yetu. Mvua ikiharibu njia ya magari, muhogo, mahindi, maharagi na mafuta ya mawese yote yanapita ku maji. Bei ya soko hatuipangi sisi. Bei ya esansi hatuipangi. Lakini esansi ngapi boti itakunywa, hapo tuko na neno la kusema.

Boti safi inateleza juu ya maji. Boti yenye utelezi inayavuta maji nyuma yake, kama mtu anayetembea na nguo zilizolowa. Moteri inalia zaidi, mwendo unapungua, esansi inaisha mbele ya kufika. Hata meli kubwa za chuma ziko na shida hii. Katika mwaka 2021, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, IMO, lilieleza kwamba utelezi wa unene wa nusu milimita tu, ukifunika nusu ya tumbo la meli, unaweza kuongeza moshi unaotoka kwa 25 mpaka 30 kwa mia. Moshi ukiongezeka, maana yake mafuta yanayochomwa yameongezeka. Boti zetu za mbao siyo zile meli, na hesabu yetu inaweza kuwa tofauti. Lakini maji ni yaleyale.

Basi tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuseme boti yenu inakunywa litre 40 kwenda na kurudi, na uchafu unaongeza litre 5 tu. Kwa safari 10, hizo ni litre 50, ni kusema zaidi ya safari moja nzima iliyolipwa bure. Nani analipa? Siyo kapiteni. Ni yule mama wa magunia 3, anapokatwa pesa ya usafiri.

Wengine watasema: tungoje msimu uishe, boti ikipumzika tutaisafisha vizuri. Lakini msimu ukiisha mizigo nayo imekwisha, na hasara tumeshaila. Kwa msimu A, maharagi yanatoka kuanzia mwezi wa 12, kisha mahindi yanafuata mwezi wa 1 na wa 2. Pale katikati, maharagi yakiwa yamepungua na mahindi yangali yanakauka, kunapatikana siku mbili ao tatu boti haina kazi nyingi. Siku zile njo za kuchukua. Boti ikisimama siku mbili kwa mpango, ni afadhali kuliko kusimama katikati ya ziwa esansi ikiisha.

Wengine wanasema kazi hii inahitaji rangi ya bei kali, ile yenye sumu wanayopaka kwa meli za bahari. Hapana. Rangi ile ilitengenezwa juu ya wadudu wa maji ya chumvi, wale wenye maganda wanaoshikilia chini ya meli, na wale wanaotoboa mbao. Wadudu wale hawako ndani ya ziwa letu. Adui yetu ni majani madogo ya maji, na majani yale yanakufa yakikosa maji. Dawa yake ni jua, na jua ni la bure.

Kazi yenyewe iko hivi. Shusheni mizigo na moteri. Vuteni boti ku mchanga juu ya magogo ya mviringo ao mashina ya migomba, ambayo yanateleza vizuri. Boti ikitoka tu ndani ya maji, anzeni kusugua palepale, kwa sababu utelezi ukiwa mbichi unatoka kwa urahisi. Ukikauka unashikilia ubao. Tumieni burosi ya nyuzi za mngazi, gunia la zamani lililokunjwa pamoja na mchanga mwembamba, ao kipande cha ubao kilichochongwa upande mmoja. Panga na chuma chenye makali muache nyumbani: vinachubua mbao na kungoa pamba iliyozibwa kati ya mbao. Kisha muache boti ipate jua siku moja, mbili mwisho. Msizidishe, kwani mbao zikikauka sana zinajivuta, mianya inafunguka, na boti inaanza kuingiza maji.

Kama boti ni nzito na watu ni wachache, kuna njia nyingine. Majani haya yanataka mwangaza, kwa hiyo yanaota zaidi kwenye mbavu za boti karibu na mstari wa maji kuliko chini kabisa. Leteni boti tupu kwenye maji mafupi, muweke mawe ao magunia ya mchanga upande mmoja mpaka boti ilale kidogo, musugue upande ulioinuka. Kisha mubadilishe. Mufanye hivi siku ziwa limetulia, na mahali pasipo na majani ya kandokando, kwa sababu mule munakaa konokono wanaoleta kichocho, ile ambayo ku hospitali wanaiita bilariziozi. Mwenye bote avae bote. Na hakuna mtu wa kuingia chini ya boti iliyoinamishwa, hata kwa dakika moja.

Musisahau helisi ya moteri. Kipande cha nyavu ao mfuko wa plastiki uliozungukwa pale unakula nguvu kama utelezi.

Kuna watu wanapaka chini ya boti mafuta machafu yaliyotolewa kwa moteri, ati majani yasiote. Hilo mimi nalikataa kabisa. Mafuta yale yanaingia ndani ya maji ambayo watoto wetu wanachota asubuhi, na mahali ndakala wanakaa. Kuokoa faranga za esansi na kuharibu maji ya kunywa, hiyo siyo faida.

Faida nyingine hatuioni mpaka boti iko juu ya mchanga. Utelezi unaficha magonjwa ya boti. Ukitoka, mtaona msumari uliooza kwa kutu, ubao uliolainika, mahali pamba imetoka. Wengine wanasema uchafu unasaidia kuziba matundu. Tundu lililozibwa na majani ni tundu linalongoja siku ya mawimbi. Na maji yakiingia, hata kabla ya kutisha maisha ya watu, yanaingia kwanza ndani ya magunia ya chini. Mahindi yaliyolowa yanashika ukungu, ukungu unaweza kuleta sumu, na mnunuzi akitia mkono ndani ya gunia anashusha bei ya mzigo mzima. Kazi ya miezi mine shambani inapotea kwa safari ya siku moja.

Njo maana naomba kila koperative yenye boti, ao inayokodi boti kila wakati, iweke mambo matatu ndani ya mkutano wake unaokuja. La kwanza: tarehe ya kusafisha, iandikwe ndani ya kalenda pamoja na tarehe za kupanda na kuvuna. La pili: watu wa kazi watoke kwa zamu ndani ya wanamemba, na koperative iwape chakula cha siku ile. La tatu: kadaftari ka esansi, kapiteni aandike litre za kila safari na uzito wa mzigo. Safari mbili mbele ya kusafisha, safari mbili kisha kusafisha, na muzisome kwa sauti mbele ya wote.

Hesabu ile ikisomwa, hakuna atakayesema tena kwamba tumbo la boti ni mambo ya kapiteni.