MAJUMBA YA NAIROBI NA JASHO LETU



Siku hizi twaulizwa sana na wenzetu wa mahoteli ya Diani, wa miwa ya Ramisi na wa mwani hapa Kibuyuni: mtu akipata kiinua mgongo chake, je, yafaa anunue mafungu katika amana ya majumba? Swali hili ni la haki, na Chama hakina budi kulijibu wazi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Amana ya majumba ni mfuko ambao watu wengi hutia fedha zao pamoja, zikanunuliwa maduka, ofisi au nyumba za kupangisha. Kodi ikikusanywa hugawiwa wenye mafungu. Kanuni za Kenya za mwaka 2013 zasema kuwa amana inayoishi kwa kodi lazima igawe si chini ya sehemu 80 katika kila 100 za pato lake baada ya gharama. Tena mali hushikwa na mdhamini, ambaye si yule meneja anayeiendesha. Hayo ni mazuri. Mfanya kazi asiyeweza kujenga chumba kimoja aweza kuwa na tofali lake katika jumba kubwa.

Lakini tusitazame rangi ya jumba tu. Tutazame na mlango wa kutokea.

Mwezi wa Novemba 2015 amana ya kwanza ya nchi hii, jina lake Fahari, iliingia katika soko la hisa la Nairobi. Kila fungu liliuzwa shilingi 20. Walitumaini kukusanya shilingi bilioni 12.5, lakini zilizopatikana hazikufika bilioni 4. Kwa hiyo majumba yakawa machache, na mzigo mkubwa ukaangukia jumba moja la maduka, Greenspan, huko Donholm. Baadaye bei ya fungu ilishuka chini ya shilingi 10. Mwaka 2023 wenye mafungu wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na mwezi wa Februari 2024 Fahari ikatolewa katika soko kuu.

Tupige hesabu. Aliyenunua mafungu 1,000 mwaka 2015 alitoa shilingi 20,000. Akiuza kwa nafasi ile ya 2023 alipokea 11,000. Mgawo wa kila mwaka haukufika shilingi moja kwa fungu. Basi hata akijumlisha yote, hakurudisha alichotoa. Na bei ya unga haikumngojea.

Hatusemi kwamba mtu aliibiwa. Twasema kwamba jumba lina thamani yake katika vitabu, na fungu lina bei yake sokoni, na hizo ni mbili mbali. Siku mnunuzi asipokuwapo, thamani ya vitabuni haimlishi mtu.

Liko na jambo la pili. Wengi wetu twaweza kuwa tumo katika majumba haya bila kujua, kwa njia ya mifuko yetu ya uzeeni. Mwezi wa Machi 2023 mfuko wa uzeeni wa wafanya kazi wa mabaraza, Laptrust, ulitia majumba yake katika amana iitwayo Imara, yenye thamani ya shilingi bilioni 6.9 hivi. Mali ile ni jasho la mfagia barabara na karani wa soko. Je, wao wenyewe waelezwa habari zake?

Kwa hiyo Chama chashauri hivi:

1. Kiinua mgongo kisitiwe chote mahali pamoja. Fedha za karo na za matibabu zisiingie humo kabisa.

2. Kabla ya kutoa hata senti, uliza: mpangaji mkubwa ni nani? Amana ina deni kiasi gani? Nikitaka kutoka, nani atanunua fungu langu? Asiyeweza kukujibu, usimpe fedha.

3. Kila tawi lidai hesabu za mfuko wake wa uzeeni kila mwaka, na zisomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama. Hiyo si hisani, ni haki yetu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari na lifunguliwe.