Kipaji na Masahibu Wake

Husemwa mara nyingi kwamba kipaji hakifichiki, nami neno hilo silikubali, kwa kuwa ni wengi waliojaaliwa kipaji na Mola wao wakaingia nacho kaburini, si kwa uvivu, bali kwa kukosa mtu wa kukisikia na kukinoa.

Na tumtazame Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti iliyowageuza wapita njia. Sauti hiyo alikuwa nayo tangu shamba. Lakini ni baada ya kuhamia mjini mwaka 1911, na kukutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala, ndipo ilipopata taratibu na adabu ya sanaa. Kisha wakamzunguka mafundi kama Subeti Ambar, Mbaruk na Budda Swedi, ambao hawakuwa wapambe wa kumsifu, bali washirika wa kazi. Na mwaka 1928, alipovuka bahari kwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri, hakwenda peke yake.

Sisi leo twahangaikia karo na vyeti, jambo jema, ila twasahau suhuba. Mzazi amtafutiaye mwanawe kazi na aulize, kabla ya mshahara, ni fundi gani atakayeketi karibu naye, na kama fundi huyo anayo subira ya kufundisha.