Hereni ya Ng'ombe Haimkamati Mwizi

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo huko Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, ahadi moja inarudiwa kila viongozi wanapokutana na wafugaji: vishani ng'ombe hereni za kielektroniki, wizi wa mifugo utakoma. Ahadi hiyo tuliisikia pia mwaka 2021 na 2022, wakati mfugaji alipotakiwa kutoa shilingi 1,750 kwa kila ng'ombe au punda, na 1,000 kwa kila mbuzi au kondoo. Wafugaji walilalamika, wabunge wakalalamika, na malumbano mengi yakawa juu ya bei. Kwa maoni yangu bei ndiyo iliyokuwa hoja ndogo kuliko zote. Hoja kubwa ni kwamba hereni haimkamati mwizi, haimfuati, wala haijui ng'ombe alipo.

Wapo wafugaji wanaoamini kwa moyo mmoja kwamba ng'ombe mwenye hereni anaonekana kwa setilaiti, na kwamba akiibwa usiku, asubuhi afisa atafungua kompyuta na kumwona alipofichwa. Siwalaumu. Mtu akikuambia kifaa ni cha kielektroniki na kitazuia wizi, utafikiri nini kingine?

Basi tuseme ukweli wa kifaa chenyewe. Ndani ya ile plastiki mna chipu ndogo na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Betri hamna. Anayetaka kuisoma hushika kisomeo, kwa kawaida fimbo yenye antena, na kukiwasha. Kisomeo hutoa uga wa sumaku unaotetema kwa kilohezi 134.2, uga huo ukipita kwenye ule waya huzalisha umeme kidogo, chipu inaamka, inataja namba yake ya tarakimu 15, na kazi yake imekwisha. Hereni ni kama kipande cha kioo gizani, haking'ai mpaka kimulikwe. Na tochi yenyewe ni ya karibu: fimbo ya mkono inabidi isogezwe hadi sentimita kadhaa kutoka sikioni. Ng'ombe akiwa upande wa pili wa zizi, kimya. Setilaiti zinazotumika kuonyesha mahali ziko kilomita 20,000 hivi juu yetu.

Teknolojia hii ya utambuzi kwa masafa ya redio tunaishi nayo kila siku. Ndiyo iliyo kwenye kadi ya kufungulia chumba cha hoteli, kwenye kadi ya benki ya kugusisha, na kwenye pasipoti ya kielektroniki ambayo Tanzania iliizindua Januari 2018. Hizo nyingi hutumia megahezi 13.56. Maduka makubwa ya Ulaya na Marekani hutumia masafa ya juu zaidi, yanayosoma shehena nzima ya nguo kwa mita kadhaa bila kufungua boksi. Mifugo ikapewa masafa ya chini kwa sababu maji hayayazuii, na mwili wa mnyama sehemu kubwa ni maji. Wala ng'ombe si mgeni humu: maabara ya Los Alamos huko Marekani ilishughulikia vitambulisho vya ng'ombe tangu miaka ya 1970, kwa ajili ya wizara ya kilimo ya nchi hiyo.

Sasa tazama kinachoziunganisha kadi zote hizo. Hoteli ina kitasa kinachosoma. Duka lina mashine ya malipo. Uwanja wa ndege una afisa na kifaa mezani. Popote teknolojia hii inapofanya kazi, kuna mlango, na mlangoni kuna anayeuliza: wewe ni nani? Ukiondoa mlango, kadi inabaki plastiki.

Watetezi wa zoezi wana hoja zao. Wanasema chapa ya moto iliharibu ngozi na ilifutika au kughushiwa. Wanasema masoko ya nje yanataka kujua nyama imetoka zizi lipi. Wanasema kumbukumbu za chanjo zinahitaji mnyama mwenye namba. Yote kweli, na sina ugomvi nayo. Wanasema pia kwamba lazima kuanza mahali, tuvishe masikio kwanza, visomeo vitafuata.

Hapo ndipo ninapokataa katakata.

Ng'ombe wa wizi haliwi na aliyemwiba, anauzwa. Kati ya zizi alikochukuliwa na bucha atakakoning'inizwa kuna sehemu chache mno anazolazimika kupita: mnada, lori, kizuizi cha barabarani, machinjio. Hizo ndizo milango. Zote zikiwa na visomeo vilivyounganishwa na kanzidata yenye orodha ya mifugo iliyoripotiwa kuibwa, mwizi ana shida kubwa hata kama nusu tu ya ng'ombe wa nchi wamevishwa hereni. Milango ikiwa haina visomeo, unaweza kuvisha kila sikio kuanzia Kagera hadi Mtwara, na mwizi atapita na mali yako mchana kweupe, ikiwa na hereni yake sikioni.

Nilisimama kwenye mnada mmoja wa awali wa Kanda ya Ziwa nikamtazama karani akifanya kazi. Ng'ombe walikuwa na hereni. Karani alikuwa na daftari na kalamu. Kijana aliyeshika kamba alikuwa akimgeuza ng'ombe shingo, anapangusa vumbi kwenye hereni kwa kidole gumba, anasoma tarakimu kwa sauti, karani anaandika. Ng'ombe anatikisa kichwa, kijana anapoteza mstari, anaanza upya. Baada ya ng'ombe wachache karani alichoka, akaandika idadi tu: madume manne, mitamba miwili. Teknolojia iliyobuniwa ili mtu asisome namba kwa macho ilikuwa inasomwa kwa macho, na kisha haikusomwa kabisa. Sikumlaumu karani. Hakupewa kisomeo, na hata angepewa, mnada ule hauna uchochoro wa mbao wa kupitisha ng'ombe mmoja mmoja. Hereni za masafa haya, zikijazana mbili tatu mbele ya kisomeo kimoja, huvurugana na hakuna inayosomeka. Kwa hiyo hata mbao na misumari ni sehemu ya mfumo huu, na ni sehemu ambayo sijaisikia ikitajwa jukwaani.

Australia ilifanya hereni au vidonge vya tumboni vya kielektroniki kuwa lazima kwa ng'ombe nchi nzima mwaka 2005. Uzito wa mfumo wao hauko sikioni. Uko kwenye sharti kwamba kila ng'ombe anapohama shamba, uhamisho unaandikishwa kwenye kanzidata ya taifa. Anayempokea ana saa 48 kufanya hivyo, na akiuzwa mnadani, mnada ndio unaoandikisha. Asiyefanya anavunja sheria. Hapo namba inakuwa na historia: alizaliwa hapa, akauzwa pale, akafika machinjio yale.

Botswana ilikwenda mbali zaidi kwenye kifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kuwamezesha ng'ombe vidonge vya kauri vyenye chipu, vinavyokaa tumboni maisha yote. Mwizi anaweza kukata sikio. Kidonge hawezi kukitoa bila kumchinja mnyama. Kifaa bora kuliko hicho kwa kuzuia ujanja ni vigumu kukipata. Hata hivyo mwaka 2011 nchi hiyo ililazimika kusimamisha kwa muda kuuza nyama Ulaya, baada ya wakaguzi wa Umoja wa Ulaya kukuta kasoro katika udhibiti, na baadaye ikaachana na vidonge, ikarudi kwenye hereni. Chipu ilikuwa salama tumboni. Kilicholegea kilikuwa nje ya tumbo.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Chukua milioni 30 tu, zidisha kwa ile bei ya 1,750: ni shilingi bilioni 52 na nusu, alipe mfugaji au ilipe hazina. Kisomeo kimoja cha mkono kinauzwa kwa bei isiyopita ya madume wawili watatu wazuri. Kwa sehemu ndogo ya fedha ya masikio tungeweza kuweka visomeo, uchochoro na karani aliyefunzwa kwenye kila mnada wa upili, wanakokusanywa ng'ombe kutoka minada ya awali, na kila mnada wa mpakani. Kwa nini hilo lisitangulie? Nionavyo mimi, kwa sababu masikio yanahesabika haraka. Halmashauri inaweza kutuma ripoti Ijumaa kwamba imevisha elfu kadhaa. Mnada uliosoma ng'ombe wote, ukawazuia wawili wenye utata na kumpigia simu mwenye mali, hautoi namba kubwa ya kusomwa jukwaani.

Nimevumilia hesabu hizo vya kutosha. Mzee wa Meatu au Tarime aliyepoteza ng'ombe kumi na wawili usiku mmoja hana haja ya kujua wilaya yake imefikia asilimia ngapi. Anataka kujua kama mnada wa jirani ungewatambua. Kumwambia mzee huyo kwamba hereni itamlinda, huku unajua kwamba hakuna anayeisoma, ni kumdanganya mtu ambaye mali yake yote inatembea kwa miguu minne. Na atakapoibiwa ng'ombe waliovaa hereni, hatalaumu ukosefu wa visomeo asivyowahi kuambiwa. Atasema serikali ilimchukulia muda wake ikamtoboa ng'ombe masikio bure, na zoezi lijalo, hata likiwa la chanjo ya homa ya mapafu, atapeleka mifugo porini kabla maafisa hawajafika.

Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya mwaka 2010. Muda wa kujifunza umekuwepo. Wizara ya Mifugo ianze sasa na minada ya upili na ya mpakani, Pugu kwa wanaoingia Dar es Salaam na Magena kwa wanaokaribia mpaka wa Kenya, kisha machinjio ya Vingunguti. Ng'ombe asiye na hereni, au mwenye kovu bichi sikioni, asishushwe kwenye lori mpaka aliyemleta aeleze. Na kila mwezi, badala ya kututangazia masikio mangapi yamevishwa, itutangazie mambo mawili: ni ng'ombe wangapi waliosomwa wakiuzwa, na wangapi kati yao waliorudishwa kwa wenyewe.